Namna Bi Veronika Anavyochagua Kitabu cha Mafundisho

Iko Jumamosi moja ya Kwaresima, mwanangu, ambayo haitaki kuzeeka kichwani mwangu. Nakuita mwanangu na usinicheke. Najua nna miaka kumi na saba na sina hata paka wa kumlea, lakini hapa parokiani ukishashika chaki mbele ya watoto wa Komunyo ya Kwanza wanakuita mama, upende usipende. Mwezi ujao nakwenda bara kuanza kidato cha tano, na darasa langu sasa ni lako. Mdomo wangu mzito, unanijua. Ana kwa ana ningeishia kutazama viatu vyangu, kwa hiyo nakuandikia.

Siku hiyo walimu wa dini tulikaa katika ukumbi wa nyuma ya kanisa, hapa Mji Mkongwe, kuchagua vitabu vya kufundishia. Padre alitwambia, "Nyinyi ndio mnaofundisha, nyinyi chagueni," akaenda zake kutembelea wagonjwa. Mezani palikuwa na aina mbili, na parokia ingenunua moja tu, itumike mjini na kwenye vigango vyote, yale makanisa madogo ya vijijini.

Ya kwanza ilikuja na sanduku lake: picha za rangi, kadi za michezo, nyimbo, na mwongozo wa mwalimu mnene kama tofali. Ya pili ilikuwa vijitabu vyembamba, picha zake nyeusi na nyeupe, kila somo kurasa mbili: kipande cha Injili, maswali machache, sala, na kazi ya kufanya nyumbani. Moyo wangu ulishahamia sandukuni. Watoto wetu wakipita bustani ya Forodhani jioni wanaona taa na kila rangi ya juisi. Ningewakalisha vipi na karatasi ya rangi ya majivu?

Bi Veronika, kiongozi wetu, ni fundi cherehani, na alianza kufundisha dini kabla mama yangu hajaolewa. Hakutazama picha. Alifungua kurasa za mwanzo akatafuta ruhusa ya askofu. Ilikuwepo kote kuwili.

"Basi, sumu hamna," alisema. "Sasa tuonje chumvi."

Akamwita Deo. Deo anafua mashuka hotelini Kiwengwa, na ndiye mwalimu pekee wa kigango cha huko. Wazazi wa watoto wake ni wafanyakazi wa mahoteli, Jumapili hawapati nafasi, kwa hiyo anafundisha Jumanne akitoka zamu. Aliunyanyua ule mwongozo kwa mikono miwili.

"Bi Vero, mpaka mimi nimalize kusoma hiki, watoto washaoa."

"Mashuka ya wazungu huyaogopi, unaogopa karatasi?" alimtania Mwalimu Gaspari, anayefundisha sekondari.

"Mashuka hayaulizi maswali, mwalimu!"

Tukacheka. Kisha Deo akauweka chini, na uso wake haukuwa wa utani tena. "Kusema kweli, nikipewa hiki naacha. Sina hasira na mtu. Nikitoka kazini nimechoka, siwezi."

Sote tulijua Deo akiacha hakuna wa kushika nafasi yake, na watoto wa Kiwengwa wangewaona wenzao wa mjini wakikomunika, wao wamekaa kwenye mabenchi.

Mwalimu Gaspari akasema tusimhukumu mapema, pengine atazoea. Mwingine akasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bi Veronika akamkatiza: "Usikitukane kitabu cha watu. Kimetungwa kwa mapenzi. Tunachouliza ni kama kinawafaa hawa wetu." Hilo nililipenda, maana ni rahisi kusifu unachokitaka kwa kuponda usichokitaka.

Kisha akafanya jambo ambalo sikupata kuliona kwa mkuu yeyote. Alivua viatu, akakaa chini kwenye mkeka, akakunja miguu. "Mimi ni mtoto wa miaka minane. Nifundisheni Msamaria Mwema. Agnesi, anza na sanduku."

Agnesi ndiye mimi. Nilitaka ardhi inimeze. Nikapanga kadi, nikaanza kusoma mwongozo kwa sauti ya mbu.

"Mwalimu, nataka kukojoa!" alisema mtoto wetu mwenye mvi. Watu hoi kwa kicheko, hata mimi, na hofu ikapungua. Nikaendelea hadi kadi ya jirani mwema: mtoto anamshika mwenzake mkono, wanakwenda kanisani.

Bi Veronika akanyoosha kidole. "Mwalimu, Bi Zuwena wa ghorofa ya chini yetu yeye anakwenda msikitini. Mama alipougua, yeye ndiye aliyemkimbiza hospitali. Yeye jirani, au si jirani?"

Nikageuza kurasa za mwongozo. Nikageuza tena. Aliningoja, halafu akaniambia taratibu, kwa sauti yake ya utu uzima: "Mwanangu, mimi nipo hapa mbele yako, wewe unanitafuta kitabuni."

Hakunikemea zaidi ya hapo. Ilitosha.

Zamu ya Deo ikafika, na kijitabu chembamba. Alisoma Injili polepole, akafunga, akauliza swali lililoandikwa pale: "Nani alikusaidia wiki hii?" Bi Veronika alifungua mdomo afanye utundu, akaufunga. Kisha akamtaja jirani yake aliyemchotea maji alipoumwa mgongo, na hakuwa tena mtoto wa miaka minane.

"Kazi ya nyumbani," alisema Deo, "ni kwenda kumshukuru."

Tulichagua vijitabu. Picha za rangi Bi Veronika aliomba tubaki na chache, maana watoto wana macho pia.

Jumanne moja baada ya hapo nilifuatana na Bi Veronika hadi Kiwengwa. Deo alikuwa katikati ya somo, mama mmoja mkulima wa mwani akasimama mlangoni, kanga imelowa mpaka magotini.

"Hodi! Mwalimu ndo wewe? Mnawafunza nini hawa? Jana kaja huyu mdogo kunambia ahsante. Alikanyaga chupa ufukweni, nkamfunga jeraha, basi. Wangu nyumbani nnawapikia kila siku, ahsante siijui!"

Darasa zima lilicheka. Deo alijifuta macho kwa kiganja, akasema ni jasho. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena kama ataacha.

Basi, mwanangu, watakuletea vitabu vingi, na vingine vitameremeta. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vipokee kwa shukrani. Tazama kwanza kama imani imo salama. Kisha mfikirie mwalimu aliyechoka kuliko wote, na mtoto anayeishi nyumba moja na watu wa dini nyingine, ujiulize kama hao wawili wataondoka na kitu cha kufanya kesho. Kitabu kizuri ukikifunga hakinyamazi. Na mtoto akikuuliza, mtazame yeye kabla ya ukurasa.

Mungu akupe sikio jepesi na ulimi mpole, awaongezee nguvu wote wanaofundisha wakitoka kazini, na watoto unaowapokea wakukulie mikononi wakiwa na heri. Amina.