Usiulize Nani, Uliza Karatasi Gani

Mi nakumbukaka asubuhi moja, mwanangu, mama yangu alisimama mbele ya waya mupya, jembe ku bega, kitunga ku kichwa, na mulinzi wa kampuni anamuambia: "Mama, rudia ku nyumba. Hapa sasa ni konsesio."

Konsesio ni udongo yenye Leta, ni kusema serikali, inapatia kampuni juu ichimbe shaba. Na nyuma ya ile waya kulikuwa mahindi ya mama, karibu kukomaa, na karanga pembeni. Ile shamba njo ilikuwa bukari yetu, ugali ya mwaka muzima. Mama aliangalia mulinzi, akaangalia mahindi, kisha akaniangalia mi. Hakulia. Alisema tu: "We unajuaka batu ya muji muzima. Fanya kitu."

Na usicheke juu nakuita mwanangu na ndevu yangu bado inahesabika. Mu kazi ya moto, pikipiki ya kubeba batu, hapa Kolwezi, na hii bakamyo ya mizigo yenye inatoka ku Dilolo bila freni ya kusimamisha, mutu mwenye angali na miguu yake yote mbili, ule ni muzee. Unisikilize.

Kweli nilijuaka batu. Motard, mwenye kuendesha moto, anabebaka kila mutu: wa biro, wa soko, pasta, na ule mwenye anakimbia pasta. Na kwetu hapa, ukitaka kitu ku Leta, hautafutake ile kitu, unatafutaka mutu. Unauliza: nani wa kwetu anatumika kule? Unamupelekea ka sucré, ka soda, unangoja akufungulie kinywa. Basi nikazunguka. Wa kwanza aliniambia waya itatoka, tutulie. Wa pili aliniambia shamba imekwisha, tusahau. Wa tatu alisema jibu iko, lakini iko na kiu. Nikainywesha. Ikalala.

Mahindi yenyewe haikungoja. Kila jioni mama alikuwa anaenda kuiangalia mu matundu ya waya, kama vile unaangaliaka mugonjwa ku dirisha ya hospitali. Alikuwa anarudia, anapika, haseme kitu. Mama mwenye kugombana unajua namna ya kumukimbia. Mwenye kunyamaza, utamukimbia wapi?

Siku ingine nilibeba binti mumoja mwanafunzi, nikamuelezea matatizo yangu barabara yote, juu kiliya, abiria wa moto, hawezi kutoka mbele ya kufika. Akasema: "Na ku bibliothèque ya université ulienda?"

"Mu nyumba ya bitabu? Kufanya nini?"

"Karatasi za Leta ziko mule. Sheria, mapatano ya bakampuni, yote. Mutu yote anaweza kusoma."

"Ata mwenye aliishia ku masomo ya primaire?"

"Ata ule. Simamisha, tumefika."

Nikafunga moto, nikapangusa viatu na mate, nikaingia. Kulikuwa mama mumoja mukubwa nyuma ya meza, miwani ku ncha ya pua, njo alikuwa anachunga bile bitabu. Nikafanya namna tunafanyaka mu biro yote. Nikaweka Fanta ku meza, nikapunguza sauti: "Mama, mi natumwa na Tata Ministre, waziri mwenyewe. Ni noko yangu, ndugu ya mama."

"Ministre wa nini?"

"Ule... mukubwa."

"Bote ni bakubwa. Wa nini?"

"Wa... barabara."

"Aah! Mungu anajibuka maombi. Umuambie noko yako, ya kwetu iko na shimo yenye inaweza kumeza ngombe."

Banafunzi bakacheka mpaka bitabu bikaanguka. Mi nikatafuta mulango na macho. Lakini ule mama hakucheka. Alirudisha Fanta mbele yangu pole pole.

"Kinywaji inamwangikiaka bitabu. Sikia, mwana. Ata ministre mwenyewe akiingia hapa, nitamuuliza kitu moja tu: unatafuta karatasi gani? Nani alikutuma, hiyo, nyumba hii haiulizake. Nyumba zingine zilikuzoeza mubaya."

Ile neno, mwanangu, ilinichoma kuliko fimbo ya mwalimu. Juu ilikuwa kweli. Nilizunguka muji muzima nikiuliza nani, nani, na sikuulize ata siku moja: kampuni na Leta balisikilizana nini?

Nikasema: "Mama, natafuta karatasi ya waya."

"Hakuna karatasi yenye inaitwa waya. Jiulize: nani alikuwa analazimishwa kuandika? Leta ilipatia kampuni udongo, pale kuko mutu alisaini, na inatangazwaka. Kisha mbele ya kuchimba, kampuni inasikilizana na batu ya kartier, ya mutaa: itabafanyia nini, itaachilia nini. Ile banaandika mu cahier des charges. Sasa shamba ya mama yako inaweza kuonekana wapi?"

Nikawaza. "Pa kusikilizana?"

"Pote mbili. Tuanze pa udongo. Jina ya kampuni?"

Nikamupatia jina ya kampuni, jina ya kartier, na mwaka yenye balianza kuleta bakatapila. Alisema bile tatu bikikosa, ata ye anakuwa kipofu mu nyumba yake. Tukatafuta, tukafungua, tukafunga, na ile vumbi ya karatasi inaniingia mu pua kama ya barabara. Kisha karte, ramani ya konsesio, ikatoka. Nikaona mutoni yetu, nikaona barabara, na shamba ya mama, mwanangu, ilikuwa ndani ya konsesio. Si pembeni. Ndani kabisa.

Nikasema: "Mama, funga hii. Tutafute ingine yenye inatupenda."

"Karatasi haipendake mutu," akajibu. "Sasa unajua kitu moja: udongo, hautaweza kuugombania. Afazali ujulie hapa kuliko ujulie pa mulango yao, mbele ya batu. Geuza ukurasa."

Cahier des charges ilikuwa munene. Hakunisomea. Aliweka kidole pa kichwa ya habari yenye inazungumuzia mashamba, akanisogezea. Na Kifransa yangu ya primaire iko kama moto ya zamani: inawaka, inazimika, unapiga kick, inawaka tena. Lakini neno récolte, mavuno, nililijua, juu mwalimu alinichapaka juu yake mu dictée, akisoma tunaandika. Nikasoma mpaka mwisho, nikarudilia, mpaka ikasimama wima mu kichwa: shamba yenye iko na mimea, kampuni haiwezi kuifunga mbele mwenyewe hajavuna. Na akisha kuvuna, bamuonyeshe shamba ingine.

"Fotokopi," mama wa bitabu akasema. "Na uandike pembeni umeitoa wapi, na ukurasa gani. Kama mutu anakuambia ni bongo, ni uongo, umutume hapa. Mi niko."

Kesho yake nilifika pa waya na mama na bamama ya mashamba ya pembeni, kila mumoja na kitunga. Shefu wa balinzi akatoka, tumbo mbele.

"We motard, nani anakutuma?"

Ulimi wangu, mwanangu! Noko Ministre alikuwa tayari mu meno. Nikamumeza.

"Hakuna mutu, Shefu. Nilikuya na karatasi."

"Ya nani?"

"Yenu. Angalia pale chini, kampuni yenu njo ilisaini."

Akasoma. Akageuza. Akasoma tena. "Hii siri, nani alibatolea nyinyi?"

"Siri? Iko ku bibliothèque ya université. Asubuhi banafunguaka. Ata we unaweza kuenda, lakini uache Fanta inje."

Mama akaongeza: "Shefu, usome mbio. Mahindi haijue Kifransa."

Hawakufungua ile siku. Shefu alipiga simu, bakatuambia kesho, na kesho ingine. Lakini mutu wa biro yao alikuya mwenyewe, akalinganisha ukurasa yetu na yake, akaona ni moja. Akakuna kichwa. Akaita funguo. Mama akapita wa kwanza, jembe ku bega, hakuangalia mulinzi. Tulivuna mpaka karanga ya mwisho, na mi nikabeba mifuko ku moto mpaka pneu, tairi yake, ikalia.

Sitakudanganya: kisha mavuno, waya ikafungwa na ile shamba haikurudia. Balituonyesha ingine, mbali kidogo. Mama analalamika mpaka leo asema iko na majiwe mingi. Lakini analima, na bukari iko ku meza.

Basi chunga hii, mwanangu. Ukifungiwa njia, usianze kukimbia nyuma ya majina. Mutu atakuambia yenye inamufaa, kesho anabadilisha. Jiulize nani alilazimishwa kuandika, kisha uende kusoma, ata kama Kifransa yako inazimika njiani. Soma na yenye inauma, juu njo ile itakuonyesha kweli unaweza kuomba nini. Andika umeipata wapi. Na usiogope mulango ya université juu ya viatu vyako: karatasi za Leta ni zako pia, ni juu yako baliziandika. Kama hauna wa kukufikisha, kuya pa parking yetu, uulize motard mwenye kuongea sana. Course, safari ya kule, mi napunguzaka bei.

Mungu akupatie miguu ya kufika, macho ya kusoma mpaka chini ya ukurasa, na sauti yenye haitetemeke siku utasimama mbele ya bakubwa. Batoto bako basome kunipita. Amina.