Mama Mkwe Alifumba Macho Katikati ya Duka la Majiko

Mama mkwe wangu alisimama katikati ya duka, mchana kweupe, akafumba macho, akaanza kupapasa majiko.

Sitanii. Alipapasa moja, akahamia la pili, vidole vikitembea polepole, macho kayafumba kabisa.

Watu waliokuja kununua friji wakasahau friji zao. Muuzaji, binti mmoja mwenye kucha ndefu za waridi, akanitazama kama anayeuliza, huyu mmekuja naye? Nikageukia rafu ya redio nikajifanya nasoma bei.

"Mama, fumbua macho, watu wanatuangalia," nikamnong'oneza.

"Waache waangalie. Macho ni yao."

Akaendelea. Alikuwa amefika kwenye jiko moja baya, la kizamani, lenye swichi nene za kuzungusha. Alizungusha swichi kulia, akairudisha, akainamisha kichwa kusikiliza.

Tak. Tak.

"Hili," akasema.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisa chenyewe kimetokea nyumbani kwangu, na jiko tulilonunua mwishoni lipo, ndilo ninalopikia hadi leo. Soma mpaka chini.

Mimi naoka keki. Za harusi, za siku za kuzaliwa, za watu wanaotaka kuombana msamaha. Mtaani wananiita Mama Keki.

Miaka yote nimeokea kwenye jiko bovu, juu sahani nne za umeme, chini oveni inayounguza upande mmoja na kuacha upande wa pili mbichi. Keki ikiwa ndani lazima nifungue mlango katikati niigeuze, huku naomba isibonyee.

Mume wangu ni seremala, na si seremala wa kubahatisha. Alikuwa ananijengea upya chumba cha jikoni kwa mikono yake. Makabati alishayafunga, milango inafunga bila sauti. Kilichobaki ni ubao wa juu, ambao alikataa kuukata.

"Chagua jiko kwanza nijue tundu lake," alikuwa ananiambia. "Ubao huu nikishaukata nimeukata."

Na mimi nilishachagua kitambo. Jiko la kioo, jeusi, bapa, linalopachikwa kwenye meza, halina swichi hata moja. Unagusa kwa kidole linawaka. Oveni yake inakaa ukutani usawa wa kifua, nayo ni ya kugusa. Nilikuwa naliwaza jiko lile hata nikiwa naoga.

Siku hiyo dukani mama mkwe alilipitishia kiganja, akakunja uso.

"Hili halina pa kushika."

"Ndiyo uzuri wake, mama. Unapangusa mara moja, linang'aa."

"Sasa mtu atajuaje kama limewaka?"

"Kuna taa nyekundu."

"Taa," akasema, akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Chukueni lile la kuzungusha."

Nikamtafuta mume wangu aje aniokoe. Nikamkuta mlangoni anaokota maboksi ya pasi aliyoyagonga kwa bega, anamwomba radhi muuzaji.

"Wamepanga vitu vibaya hapa," akaniambia.

"Achana na maboksi. Wewe unasemaje, la kioo au la mama?"

"Mtakaloamua nyinyi."

Nikashangaa. Huyu ni mtu anayeweza kubishana mchana kutwa kwa ajili ya bawaba ya mlango. Leo tunachagua jiko la nyumba yake, hana neno.

Tukarudi mikono mitupu. Gari niliendesha mimi, maana siku hizo alikuwa ameniachia usukani kabisa, anasema mgongo unamsumbua.

Mama mkwe alikuja kwetu kutusalimia tu, hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Salamu zikawa ndefu. Begi lake likatoka sebuleni, likaingia chumba cha wageni, nguo zake zikatundikwa kabatini, nikajua huyu haondoki leo wala kesho.

Kukaa kwake hakukuniudhi. Kilichoniudhi ni mambo ya jikoni. Kila nikitoka kupeleka keki ya mtu, nikirudi nakuta mlango wa jikoni umefungwa, yeye na mwanawe wako ndani. Nikiingia tu, maneno yanakatika. Mmoja anashika kikombe, mwingine anatazama dari.

Halafu nikaanza kuona vitu.

Nilikuwa napangusa jiko la zamani, kidole kikagusa kitu kigumu kwenye swichi. Kama kipele. Nikaangalia nyingine, nayo ina vipele. Kila swichi ina vyake. Nikafungua kabati kuchukua chumvi, shingoni mwa kopo la chumvi kuna uzi mwekundu umefungwa fundo. Kopo la sukari halina kitu.

Uzi mwekundu, jikoni kwangu?

Nikampigia rafiki yangu wa saluni. Tunamwita Kidomo, na jina hilo hakulipata kwa bahati mbaya.

"Shoga, hapo umefungwa," akasema hata kabla sijamaliza. "Kwenye moto kaweka, kwenye chumvi kaweka. Huyo mama anamtaka mwanawe arudi. Na mumeo siku hizi vipi?"

Mume wangu siku hizi alikuwa haniangalii vizuri usoni. Giza likianza kuingia hataki kutoka nyumbani. Nikimpa kikombe wakati mwingine anakikosa, kinaanguka, anakasirika. Nilishawahi kumnusa mdomo nione kama amekunywa.

"Si unaona," Kidomo akasema. "Toa kila kitu, osha kwa maji ya moto, halafu kaa pembeni uone nani ataumia."

Nikatoa. Vile vipele nilivikwangua kwa kisu cha kupakia krimu. Vilipobanduka nikavitambua, ni gundi ya mbao, ile ile ya karakana ya mume wangu. Nikasema moyoni, kumbe huyu bibi anamwibia mpaka mwanawe gundi. Uzi nikaukata, nikauchoma.

Usiku ule nililala kwa amani, nikijiona mjanja.

Asubuhi nikiwa chumbani nasuka nywele, nikasikia mume wangu anapiga ukelele.

Naomba mnielewe, huyu bwana aliwahi kujikata na msumeno akaja kuniomba kitambaa kwa sauti ya kawaida kabisa. Hapigi kelele. Nilikimbia na kitana kikining'inia kichwani.

Nilimkuta ameinama kwenye beseni, maji yanamwagikia kiganja. Mkono wa kulia, ule wa kazi. Ngozi ya kiganja ilikuwa imebabuka yote. Birika la chai limekaa kwenye sahani moja, baridi. Sahani ya jirani yake ndiyo iliyokuwa inawaka.

"Niliteleza," akasema.

Mama mkwe aliingia nyuma yangu. Hakwenda kwenye mkono wa mwanawe. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiko, akapitisha vidole kwenye swichi zote, akageuka.

"Nani ametoa?"

Damu ikanichemka. "Mimi. Uchawi wako nimeutoa mimi, na uzi wako nimeuchoma."

Maji tu ndiyo yaliyokuwa yanasikika.

"Mke wangu, nyamaza," mume wangu akasema.

Mimi ndiye niliyeambiwa ninyamaze. Iliniuma mpaka nikashindwa kulia.

Alipotoka kufungwa bandeji hospitali, alipitiliza kitandani. Mimi nikakaa sebuleni na mawazo yangu. Nikayarudia yote, duka, macho yaliyofumbwa, vidole, vipele vya kugusa, uzi kwenye chumvi na si kwenye sukari. Vyote ni vitu vya mtu anayetumia mikono badala ya macho. Ndipo roho ikaniruka.

Huyu mama haoni. Anapofuka, anaogopa kusema, anajiwekea alama ili asionekane mzigo kwa mkwe. Na mimi nimemwita mchawi mbele ya mwanawe.

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nikataka pia kuwa na hakika. Nikachukua shati la mume wangu lililotoka kifungo, sindano na uzi, nikamfuata barazani.

"Mama, samahani, nisaidie kutunga huu uzi. Mimi unanishinda."

Akapokea sindano, akaulamba uzi, akauchomeka mara moja. Hakukodoa macho wala hakusogea kwenye mwanga. Akashona kifungo pale pale, akakata uzi kwa meno.

"Kuna kingine?"

Anaona kuliko mimi.

"Mama," nikasema, "humu ndani nani haoni?"

Aliangalia tu upande wa jikoni.

Na mimi nikasikia. Tak. Tak.

Nilitembea taratibu hadi mlangoni. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya jiko. Machoni amejifunga kitambaa changu cha kichwa, fundo liko kisogoni. Mkono wenye bandeji ameukumbatia kifuani. Kwa ule mzima alikuwa anahesabu swichi kwa kidole, akiipata anachukua chupa ya gundi, anadondoshea tone.

Alikuwa anarudisha vile vipele nilivyovikwangua. Kumbe vilikuwa vyake.

"Mama, hii ya nyuma kushoto niweke mbili au tatu?" akauliza, akidhani ni mama yake.

"Ni mimi," nikasema.

Mkono ukasimama hewani. Hakuvua kitambaa. Nadhani ilikuwa rahisi kwake kuongea akiwa hanioni.

"Ni presha ya macho," akasema. "Baba alikuwa nayo. Pembeni kote pameshafunga. Nakuona hivi tu, kama natazama kwenye tundu la kufuli. Daktari anasema matone yanaweza kuchelewesha, lakini kilichokwenda hakirudi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuachia gari."

Nilikaa chini, pale pale sakafuni, kwenye vumbi la mbao. Nilikuwa na huruma na hasira kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na ipi. Nikaanza na hasira.

"Mama yako unamwambia, mimi unaniacha naropoka na Kidomo kwenye simu?"

"Nilitaka upate jiko lako kwanza. Ningekwambia, ungechagua kwa ajili yangu. Lile la kioo umelitamani kwa muda mrefu."

"Na ungelitumiaje?"

"Nisingelitumia," akasema.

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni. Akaja, akaketi sakafuni kando yangu, na magoti yake mabovu yale.

"Alinikataza kusema, mwanangu. Na mimi ndiye niliyemtia hofu, kwa yale aliyoyaona kwetu. Baba yake alipoanza kupofuka nilimpenda sana, nikamwekea kiti. Usiguse moto, baba, utaungua. Usiguse kisu, kaa. Alikuwa anajua kupika kunishinda. Nilimkalisha kwa huruma, akakaa, akazoea, mwisho akaacha hata kunyanyuka. Amefia kwenye kiti kile. Huyu sitaki akae."

Nikaelewa kwa nini alifumba macho dukani. Alikuwa anamchagulia mwanawe jiko, na hakuwa na njia nyingine ya kulijua.

Nilimwomba msamaha. Akanipiga kofi dogo begani, akasema, "Mchawi gani anaomba gundi kwa mwanawe." Tukacheka wote, halafu mimi nikalia.

Jumamosi iliyofuata tulirudi dukani. Binti wa kucha za waridi alituona, akajiandaa kutuuzia la kioo.

Mimi nikafumba macho.

Nilipapasa majiko yote. Kulikuwa na lenye swichi laini zinazozunguka tu bila kikomo, nikalipita. Kulikuwa na lenye swichi zake katikati ya moto, nikalipita. Nikapata moja lenye swichi mbele kabisa, zinazogota sehemu ya kuzima, na kila hatua inatoa sauti. Oveni yake mlango unafunguka kwa ubavu kama wa kabati, kwa hiyo mtu hapitishi mikono juu ya mlango wa moto kufikia sinia. Sikulipenda sura. Nikalizungusha tena.

Nikasikia mtu ananivuta mkono wa gauni.

"Fumbua macho, mwanangu," mama mkwe akaninong'oneza. "Watu wanatuangalia."

Kiganja kilipopona, mume wangu aliukata ule ubao. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa msumeno, akawa anakata kidogo, anasimama, anapapasa mstari kwa kidole, anaendelea. Jasho linamtoka. Maneno yalikuwa mdomoni kwangu kabisa, mume wangu, acha tumwite fundi mwingine, wewe kaa.

Nilimtazama mama mkwe. Naye alikuwa ananitazama mimi.

Nikayameza.

Tundu limepinda upande wa kushoto. Jiko limekaa, lakini pembeni kuna upenyo, makombo ya keki yanaingia mle kila siku na ninayatoa kwa kijiti. Wateja wamenishauri niite mtu arekebishe. Nawaambia fundi wa nyumba hii yupo, na kwa sasa ana unga mikononi.

Ninachowaachia ni hiki. Ukiona mtu wa nyumbani kwako ameng'ang'ania jambo lisiloeleweka, kabla hujamtafutia jina baya, muulize anaogopa nini. Na ukishaambiwa, usikimbilie kumletea kiti.