Bi Enta Achagua Kompyuta

Inatangazwa kwa wote wenye kompyuta, wanaozitamani, na wanaozifunika vitambaa vya kufuma zisipate vumbi, kwamba lile swali lililowagombanisha wasomi, yaani kati ya Windows, Mac na Linux ni mfumo upi ulio rahisi zaidi kwa kazi za kila siku, hatimaye limepata jibu. Halikutoka maabara. Limetolewa na mpiga chapa wa ofisi ya vibali vya ujenzi, mwanamke mnene wa heshima zake aitwaye Bi Enta, na baada ya jibu hilo hakuna aliyethubutu kuuliza tena.

Jina alipewa na vidole vyake. Alijifunzia kazi kwenye taipureta, enzi ambazo herufi usipoipiga ngumi haitoki, na kompyuta zilipokuja hakuona sababu ya kuzibembeleza. Vitufe vingine alivihurumia kidogo, lakini akifika kwenye kitufe cha Enta alikishushia kidole kama anayeua mende. Ukisikia "kta!" mpaka ghorofani, ujue kuna mwananchi mahali fulani ameandikiwa kwamba ombi lake bado linashughulikiwa, arudi wiki ijayo. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto, akaezeka nyumba (bila kibali, lakini hayo tuyaache), na akamzoesha mumewe kujipakulia mwenyewe.

Shida yake ilikuwa joto. Alikuwa amefika ule umri ambao mwanamke hubeba jua lake mwenyewe kifuani, nalo huchomoza linapotaka. Juu ya hapo, meza yake ilibanana na mashine ya fotokopi, ambayo kila ikitema karatasi humpumulia ubavuni kama ng'ombe mgonjwa.

"Mama watoto," mumewe alimwambia jioni moja, "siku hizi unanukia wino wa kukaanga."

"Na wewe nyamaza, unanuka kustaafu."

Kwa hiyo mhasibu alipohamishiwa ghorofani akaacha wazi meza ya dirishani, penye upepo unaoingia kutoka uani bila kupiga hodi, Bi Enta aliitazama meza ile kama wengine wanavyoitazama pepo.

Angeiomba? Thubutu! Mkurugenzi alikuwa mtu mwema, ila ukimwomba kitu anakiundia kamati. Aliwahi kuombwa feni. Kamati ikakaa, ikakaa tena, msimu wa joto ukapita, ikapendekeza wafanyakazi wanywe maji kwa wingi.

Ndipo akaja Mtaalamu, kijana mwembamba mwenye begi mgongoni, aliyeletwa kuishauri ofisi inunue kompyuta za aina gani. Akapanga mashine tatu chumbani kwa Bi Enta. Windows aliiweka dirishani, Mac kando ya fotokopi, na Linux mlangoni, pale ambapo kila apitaye huuliza kama Mkurugenzi yupo.

"Mama yetu hapa ndiye mtumiaji wa kawaida," Mkurugenzi alitangaza. "Atakayoisifu ndiyo tutakayonunua, na meza atakayokuwa ameikalia akiisifu ndiyo itakayokuwa yake. Waya zikishapigiliwa ukutani, hakuna kuhamahama."

Moyo wa Bi Enta ukaruka kamba.

"Mimi je?" akadakia Dereva wa ofisi, aliyekuwa ameegemea mlango akichokonoa meno. "Mnajadili mfumo endeshi bila dereva? Humu ndani nani mwingine ana leseni?"

Siku ya kwanza Bi Enta alianzia mlangoni. Mtaalamu alikuwa ameiwekea Linux Kiswahili kitupu, akitegemea kupigiwa makofi.

"Hii lugha gani?" Bi Enta aliuliza, pua ikikaribia kugusa kioo.

"Kiswahili, mama. Lugha yako."

"Yangu? 'Tendua' ni nini? Nimtendue nani? Na hapa 'Hifadhi', wanahifadhi tembo?"

"Tendua ni kurudisha nyuma ulichokifanya, mama. Na hifadhi ni sevu."

"Si waseme sevu basi, tuelewane!"

Kwenye Mac, fotokopi ikimpumulia, alibonyeza kile kiduara chekundu ili afunge kazi yake. Dirisha likatoweka, lakini programu ikabaki wazi kule chini. "Haifungi, inajificha," aliripoti, "kama mtoto aliyeitwa kuosha vyombo." Kisha akaketi kwenye Windows. Upepo ukaingia kwenye kola ya gauni, ukashuka taratibu. Kioo kikamwambia kompyuta inajisasisha, tafadhali asizime.

"Hii ndiyo kompyuta," alisema Bi Enta, macho kayafumba.

"Lakini bado inajisasisha, mama. Hujafanya kitu."

"Inanipa nafasi ya kupumzika. Inajua utu."

Akajihesabu ameshinda. Kesho yake akawahi, akatandika kimto chake kwenye kiti cha dirishani, akainua macho: Mac! Mtaalamu alikuwa amezizungusha mashine. Alieleza kwamba sayansi inataka hivyo, ili mazingira yasimpendelee yeyote. Bi Enta akajikaza.

"Ile ya jana ilinihadaa," alisema. "Hii ndiyo hasa."

"Jana ulisema haifungi."

"Adabu hiyo, mwanangu. Mgeni mstaarabu hafungi mlango kwa kishindo."

Windows, ambayo sasa ilikuwa ubavuni mwa fotokopi, aliishutumu bila huruma. "Eti nisizime! Mimi ndiye ninayezimika hapa!"

Siku ya tatu ikawa zamu ya Linux kupigwa na upepo, na Kiswahili kile kikageuka asali. "Tendua!" aliimba Bi Enta, akiandika sentensi na kuifuta, akiiandika na kuifuta. "Neno tamu hivi mlilificha wapi?"

Mtaalamu alichora michoro. Mistari yake ilipanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Alihisi ndoto yake ya kutoa mhadhara nje ya nchi ikiyeyuka.

Dereva, ambaye kazi yake ni kutazama barabara, alikwishaona kitu. Alimwinamia Bi Enta sikioni. "Shangazi, wewe unapenda kompyuta au unapenda upepo?"

"Shika usukani wako."

"Nikisema je?"

"Sema. Nami nitasema gari la ofisi huwa linaenda harusi za nani Jumamosi."

Dereva akakumbuka kwamba ana tairi la kujaza.

Mwishoni mwa juma wote waliitwa chumbani humo kusikia matokeo. Mtaalamu, macho mekundu, alisema mashine zote zimeshinda na zote zimeshindwa. Mkurugenzi akakuna kidevu kwa busara.

"Basi tuamue hili la meza kwanza. Kinachopata joto kuliko vyote humu ni fotokopi. Tuihamishie dirishani ipate hewa. Mama atabaki na kompyuta yoyote pale pale kwenye meza yake ya siku zote."

Jua la Bi Enta lilichomoza lote kwa mkupuo, kuanzia shingoni.

"Ila kwa faida ya kumbukumbu," Mkurugenzi akamgeukia, "hebu tuambie mama, kwa neno moja. Unataka nini?"

"Dirisha."

"Windows!" Mtaalamu aliruka, akakumbatia begi lake. "Nilijua! Amelitafsiri kabisa!"

"Mzalendo huyu," Mkurugenzi akaongeza, karibu atokwe na machozi. "Sisi tunasema kwa lugha ya watu, yeye anasema kwa yetu. Iandikwe hivyo. Windows ifungwe mezani kwake, pale pale kwenye..."

Hakumaliza. Bi Enta alikuwa amesimama. Alichukua kimto chake, mkoba wake na kikombe chake, akaburuta kiti mpaka kwenye meza ya dirishani huku miguu ya kiti ikilia sakafuni, akaketi. Akafungua kifungo cha juu cha gauni. Kisha akafungua dirisha lote, lile la ukutani, lenye mbao na komeo.

Mkurugenzi alitazama dirisha, akamtazama Bi Enta, akatazama michoro.

"Sasa mama," aliuliza, sauti imekwisha maji, "na mfumo je? Upi ni rahisi zaidi?"

"Wowote," alisema Bi Enta. "Mradi usizibe upepo."