Muuza Kamba wa Gatini

Muuza kamba wa gatini hana rula. Anavuta kamba ya plastiki kutoka puani hadi mwisho wa mkono, anakata, anachoma ncha kwa kiberiti cha gesi, kisha anaiviringisha ile plastiki ya moto kwa vidole ambavyo siku hizi havisikii kitu. Wageni wa bahari, wanaosafiri kwa chombo kando ya pwani kwa mara ya kwanza, huwapa mawaidha bila kuinua macho, kwa sauti kavu kama ya mtu anayetaja bei. Funga mwisho wa kamba ya nanga chomboni kabla hujaitupa. Mlango wa mto uingie maji yakijaa, yakitoka, usithubutu. Na usimwahidi mtu siku ya kufika, maana ahadi ndiyo inayomtoa mtu bandarini huku mawingu yanamkataza.

Jana kijana mmoja aliitikia "ndiyo mama, ndiyo mama", yote yakaingia sikio hili yakatokea lile. Kamba begani, akapiga simu palepale kaunta. "Mama, Jumapili mchana niko hapo. Niandalie chakula." Muuza kamba akaweka kiberiti chini, akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Dada, mwanao hajui siku atakayofika. Usimpikie. Akija atakula kitakachokuwepo."

Upande wa pili mama mtu akacheka, akauliza kwani kupika kuna ubaya gani.

"Mimi wangu nilimpikia," akasema muuza kamba, akamrudishia kijana simu yake.