Nilivyousugua Mguu wa Mke Wangu kwa Chupa ya Soda

Shuka nyepesi ya kitandani ndiyo iliyomfanya mke wangu apige kelele.

Nilimfunika Jumanne asubuhi. Shuka ikamgusa paja la kushoto, akalia hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Nikaifunua, nikatazama. Wekundu kidogo tu, kama wa mtu aliyelalia mkono.

"Mama Sydney, mbona unalia na hakuna kitu?"

"Kiko ndani, Baba Sydney. Ndani kabisa kunaungua."

Nikatabasamu. Sitaficha. Nilijiona mtu pekee Kitengela nzima aliyejua kilichoko ndani.

Acha nieleze.

Naitwa Wanyama. Nina miaka sitini na tisa. Nilichuna ngozi za ng'ombe katika kichinjio kimoja hapa Kitengela kwa miaka thelathini na mmoja. Shule niliimalizia jioni baada ya kazi, nikinuka damu, na mtihani wa kidato cha nne nikaufanya nikiwa na miaka hamsini na miwili, chumba kimoja na watoto wa rika la mwanangu.

Nilipita. Cheti kiko ukutani.

Mwaka juzi, nikiwa nimeshastaafu, akaja kichinjioni mtafiti wa chuo kikuu. Msichana anaitwa Soipan, mwenyeji wa Mashuuru. Alitaka ule utando mweupe ulio kati ya ngozi na nyama. Vijana walikuwa wanaupasua kila mara, wakanipigia simu.

Sisi tulikuwa tunauita takataka. Yeye aliuita fasia.

"Mzee, wewe unautoa aje bila kuupasua?"

"Kwa ngumi, si kwa kisu. Ukishapata njia yake, ngozi inaachia yenyewe."

Akacheka, akaandika.

Alinieleza kwamba hata sisi watu tuko nao. Unafunga kila msuli kama mfuko, na mtu akizeeka au akikaa bila kutembea, unaweza kukakamaa. Alikuwa anapima utando wa ng'ombe mzee akiulinganisha na wa ndama. Karatasi alizoniachia nilizisoma zote, kamusi mkononi.

"Lakini huu ni utafiti tu, mzee wangu," akaniambia. "Si dawa. Usianze kutibu watu."

"Nimekusikia."

Sikumsikia.

Jirani yangu Kuntai, mfugaji, mgongo ulikuwa umemshika miezi minne. Nikamlaza kwenye mkeka, nikajaza maji moto kwenye chupa ya soda, ile ya kioo, nikamsugua. Baada ya wiki mbili akawa anainama na kuinuka kama kijana. Akanitangaza soko zima la mifugo.

"Sopa, daktari!" watu wakawa wananisalimia Kimaasai barabarani.

"Ipa!" najibu, kifua mbele.

Mtu aliyeitwa "wewe mchunaji" miaka thelathini na mmoja, siku akiitwa daktari, kitu kinampanda kichwani. Kilinipanda.

Basi Jumapili ile Nasike, mke wangu, alichomwa na mwiba wa mgunga akirekebisha ua wa sukuma wiki. Chini ya goti. Akautoa, akaendelea na kazi.

Jumatatu akaamka na homa, paja linamuuma.

Mwiba ulikuwa chini, maumivu yako juu. Kwangu mimi hesabu ilikuwa rahisi.

"Ni fasia imekakamaa," nikasema. "Umeinama sana."

Nikachukua chupa. Nikamsugua asubuhi, mchana na jioni. Alikuwa ameuma leso, machozi yanamtoka.

"Ikiuma ndiyo inaachia," nikamwambia. Maneno hayo sikuyasoma popote. Niliyatunga mwenyewe.

Jumanne, baada ya ile kelele ya shuka, nikamsugua tena. Kisha nikavaa koti. Wanaume wa kanisa letu walikuwa wameniomba nije niwafundishe juu ya maumivu ya mgongo. Waliniwekea meza mbele, na kitambaa.

"Niende ama nikae?" nikamuuliza.

"Nenda. Wasikungoje."

Nikaenda. Nikafundisha watu kumi na wanne. Walinipigia makofi.

Jumatano alfajiri mguu ulikuwa umefura kama gogo. Kulikuwa na madoa ya zambarau na lengelenge moja kubwa. Nasike alikuwa anaongea na mama yake, na mama yake alikufa zamani.

Kuntai akaingia bila kubisha. Akaweka kidole kwenye paja, akabonyeza. Hata mimi nilisikia: kulikuwa na kitu kinalia chini ya ngozi, kama karatasi kavu.

"Wanyama. Ndama wangu watatu walikufa na chambavu, ule ugonjwa wa kuoza nyama ya mguu. Mguu ulikuwa unalia hivi hivi."

"Kuntai, ngoja. Kisayansi, fasia inapo..."

"Sayansi yako ishike miguu. Mimi nashika kichwa. Inua!"

Tukambeba hadi kwenye pikapu yake.

Hospitalini daktari wa upasuaji hakupoteza muda. Alimchoma sindano ya ganzi, akakata ngozi kidogo, akaingiza kidole.

Kidole kikateleza kati ya ngozi na nyama, bila kuzuiliwa na kitu. Damu haikutoka. Yalitoka maji ya kijivu, kama ya kuoshea vyombo.

Njia ile naijua. Ngumi yangu imeipita kwa maelfu ya ng'ombe. Tofauti ni kwamba ng'ombe wangu walikuwa wameshakufa.

"Vijidudu vimeingia kwenye fasia," akasema. "Vinaenea humo saa kwa saa, huku juu ngozi inaonekana nzima. Nani alikuwa anamsugua?"

"Mimi."

Akanitazama.

"Hukumsaidia, mzee. Umezidisha. Lakini kilichoua huu mguu zaidi ni muda. Mngemleta jana mchana, labda ningeuokoa."

Jana mchana. Wakati wa makofi.

Waliukata mguu karibu na nyonga. Siku sita Nasike hakunijua. Siku ya saba akanitambua, na siku ya tisa akaomba chai.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi.

"Nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba si hiyo fasia yako. Jumanne ulipotoka tu, Kuntai alinisikia nikilia. Akaleta pikapu hadi mlangoni. Nikakataa kupanda."

Sikuelewa.

"Ulikuwa mbele ya watu, Baba Sydney. Wangesikia mke wa mwalimu amekimbizwa hospitali na mguu ambao mwalimu mwenyewe anautibu, nani angekusikiliza tena? Nikamwapisha Kuntai asikwambie. Nikasema nitavumilia hadi urudi." Akageuza uso ukutani. "Sijawahi kukuona na furaha vile. Lakini ulirudi jioni ukachukua chupa."

Nimeandika haya kwa ruhusa yake. Aliniambia niandike yote, nisijipunguzie.

Kwa hivyo ndugu msomaji, shika haya mawili. Mtu wako akiwa na homa na maumivu makubwa kuliko kidonda unachokiona, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usimsugue, usingoje kesho.

La pili ni la sisi tuliochelewa kusoma na tukajivunia. Watu wanaotupenda wanaweza kukubali kuumia ili tu tusiaibike. Usingoje wakwambie umekosea. Hawatakwambia.