Mpaka Mbege Iive

Nikiwa bado mtoto wa darasa la pili, kule kwetu Marangu, macho yangu yote mawili yalivimba na kutoa usaha. Mama alinifunika khanga kichwani nisipigwe na jua, akanishika mkono, tukaanza kuteremka kwenda barabarani kutafuta gari la hospitali. Hatukufika. Baba mkubwa, ambaye baada ya baba yangu kufariki ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika ukoo, alitukuta njiani akaturudisha.

"Mama Aika, huu si ugonjwa wa sindano," alisema. "Haya ni masale ya Ndekirwa. Tuyamalize kwanza nyumbani."

Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa. Kuung'oa ili kusogeza mpaka ni kujiitia laana. Ilisemekana babu yangu aling'oa masale ya jirani yetu, Mzee Ndekirwa, akajiongezea migomba michache, kisha akafa bila kuomba radhi. Na isale hilohilo ndilo la kuombea radhi. Ukimpelekea mtu jani lake lililofungwa fundo, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Desturi hiyo naipenda mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Lakini kwa jambo zito kama hilo huendi mikono mitupu. Unakwenda na mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbege haina haraka. Ndizi zichemshwe, zikae zichachuke, ulezi ulowekwe, uoteshwe, usagwe, upikwe uji, ndipo vichanganywe. Kila asubuhi Mama aliomba anipeleke hospitali kwanza, radhi tuiombe tukirudi. Kila asubuhi Baba mkubwa alimjibu kwamba dawa ya hospitali haiwezi laana, asubiri mpaka mbege iive. Nililala kifudifudi kwenye mapaja ya Mama nikisikia wanawake wakikoroga pombe uani, na harufu yake tamu ikanichefua. Mpaka leo siinywi.

Siku ilipofika nilishikishwa jani nikaongozwa kupita katikati ya migomba. Mzee Ndekirwa alilipokea, akanywa mbege, akanitemea kidogo utosini, kama wazee wanavyobariki. Alikuwa mtu mpole, sina neno naye.

"Mjukuu wangu, hatudaiani," alisema. "Fungua macho. Unaona nini?"

Nilijibu kweli. Niliona mwanga wa mlango. Wanawake wakapiga vigelegele, Baba mkubwa akamshukuru Mungu, na kwa sababu ya ule mwanga wa mlango tukakaa nyumbani tukingoja nipone kabisa. Mama aliponitorosha alfajiri moja, mwanga wenyewe ulikuwa umeshapotea. Daktari alinipima, kisha akamuuliza Mama tulikuwa wapi siku zote hizo. Nilimsikia Mama akilia, na ndipo nilipojua kwamba sitaona tena.

Baba mkubwa hakuona haja ya kunisomesha. Alisema kipofu anatosha kupukuchua mahindi. Mama aliuza ng'ombe wake wa maziwa, akanipeleka shule ya bweni, nikajifunza nukta nundu mpaka ncha za vidole zikauma. Leo mimi ni wakili hapa Moshi mjini, kesi zangu nyingi ni za ardhi. Kompyuta hunisomea nyaraka haraka kuliko karani wangu anavyoweza. Hata hivyo wateja wapya wakiingia humsalimu karani, na akiwaonyesha nilipo humnong'oneza, "Huyu ataweza kweli?" Macho ndiyo mabovu, masikio hayana tatizo.

Huko kijijini hawana shaka. Wanasema lile isale lilifanya kazi, maana lilininyima macho likanipa akili. Baba mkubwa ndiye anayeisimulia hadithi hiyo vizuri kuliko wote, kwenye misiba na harusi. Usingizi aliokosa Mama, ng'ombe wake, vidole vyangu, vyote vimemezwa na jani. Nikisikia hivyo nachukia mpaka nashindwa kula.

Mwaka jana alikuja ofisini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika kwa sauti ya uzee. Mtoto wa Ndekirwa, alisema, amefyeka masale usiku na kuingia kwenye kihamba chetu, na yeye anataka nimsimamie kwenye baraza la ardhi. Kisha akaufungua mkono wangu akaweka kitu ndani yake. Nilikijua kabla sijakipapasa, jani refu, laini, lenye fundo katikati.

"Aika, najua una kinyongo na mimi," alisema. "Nimekuletea isale, mwanangu. Tuyamalize."

Desturi inanitaka nisamehe.

"Kesi yako nitaisimamia, Baba mkubwa," nilimwambia. "Kwa hili jani, subiri mpaka mbege iive."

Alitafuta fimbo yake, akaaga, akaondoka.

Kesi tulishinda. Jani bado liko kwenye droo ya meza yangu, limekauka na fundo lake. Baba mkubwa hunipigia simu mara kwa mara, huniuliza habari za kazi, kisha hukawia kuaga. Najua anachongoja. Ulezi bado sijauloweka.