Swichi Chini ya Usukani

Nuh Gedi hufunga nyaya za magari katika kibanda cha mabati karibu na soko la mifugo la Garissa. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na sifa yake ni moja: waya wake hauonekani. Mafundi wengine huzipitisha nyaya za trela juu ya bampa na kuzifunga kwa mpira wa tyubu. Baada ya safari mbili za Dadaab mawe yamezikata. Nuh hulala chali chini ya pikapu. Hutoboa tundu kwenye sakafu ya sehemu ya mizigo, hulivisha raba ili bati lisikwangue waya, kisha huingiza nyaya zote saba ndani ya neli na kuzifuatisha chesi, ile fremu ya chini ya gari, hadi kwenye soketi ya nyuma. Mwishoni huijaribu kila taa mara tatu.

Agosti iliyopita, ukame ulipokuwa mkali, alimjia Mohamednoor, mtoto wa amu yake. Alikuwa na pikapu nyeupe na trela jipya la tangi la maji. Alitaka kuwauzia maji wafugaji wa barabara ya Dadaab.

“Nifungie taa zote za trela, ina-adeer,” alisema, akimwita binamu kwa Kisomali. “Breki, indiketa, kila kitu. Polisi wa vizuizi vya barabarani wakose la kusema.”

“Watakosa.”

“Na swichi moja hapa, chini ya usukani. Nikiibonyeza, nyuma kote kunakuwa giza. Gari na trela.”

Nuh alijivuta kutoka chini ya gari, akaketi mchangani. “Giza la nini? Umekuwa fisi?”

“Fisi hapigwi risasi kwa sababu ya taa zake. Kule jua likishazama, mwenye bunduki anaiona taa nyekundu kutoka mbali. Muulize dereva mwenzangu Aden gari lake liko wapi.”

“Na anayekuja nyuma yako?”

“Nani aje nyuma yangu saa hizo? Ni mimi na ngamia tu. Wallahi usiponifungia wewe, nitaenda kwa mwingine anifungie vibaya, gari liungue.”

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomshinda Nuh. Yamewashinda watu wengi waadilifu, kwa sababu yanaligeuza kosa kuwa suala la ufundi. Aliifunga swichi kwa muda usiofika nusu saa, nyuma ya plastiki, upande wa kulia. Hata ukipiga magoti hukuweza kuiona, ilikubidi uipapase. Aliifunga vizuri sana.

Mohamednoor akazoea. Kila jua lilipoanza kuzama aliibonyeza, kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake.

Jioni moja ya Oktoba wakati wa Maghrib ulimkuta njiani, tangi limejaa. Kando ya lami pale pana mchanga mzito, na trela lenye maji likiingia halitoki. Kwa hiyo aliliacha nusu juu ya lami, taa zimeshazimwa, akachukua kibuyu cha udhu, akaenda pembeni kuswali. Alikuwa katika rakaa ya pili aliposikia kishindo.

Pikipiki ilikuwa imegonga trela kwa nyuma. Alikuwa Duba, mwenyeji wa upande wa Wajir, akimrudisha mkewe Sadiyo kutoka kliniki. Duba alivunjika mguu. Sadiyo alikufa palepale.

Mohamednoor alikimbia garini. Kabla hajamgusa mtu yeyote, alipeleka mkono chini ya usukani.

Polisi walipofika walikuta taa zote zinawaka. Walizijaribu moja moja. “Kazi safi,” mmoja wao alisema. Duba, akiwa amelala kando ya barabara, alirudia neno moja: hakukuwa na taa. Nani angemsikiliza? Kufikia Ijumaa mji mzima ulikuwa na hakika kwamba alikuwa ametafuna miraa na kukimbiza pikipiki. Kaka zake Sadiyo walimchukua Hamdi, binti yake wa miaka miwili. Walisema hawatamrudisha kwa mtu aliyemuua mama yake.

Mohamednoor alimweleza Nuh yote siku ya tatu, akilia. Nuh alinyamaza siku kumi na moja. Sirad, mkewe, alimwona akiacha chakula.

“Unangoja nani akuambie?” alimuuliza.

“Nikisema, ukoo wetu mzima utatoa ngamia wa fidia ya damu.”

“Na usiposema, yule mtoto atakua akimwita baba yake muuaji. Kula basi, kama unaweza.”

Wazee wa pande zote walikutana Alhamisi kwenye baraza la msikiti ili walimalize jambo. Duba alikuwa na mjomba wake mmoja tu. Wazee walikuwa karibu kusoma dua ya kufunga kikao Nuh aliposimama.

“Taa zilikuwa zimezimwa,” alisema. “Swichi niliifunga mimi.”

“Kaa chini, wewe!” Mohamednoor alifoka. “Jua limekuchoma kichwa!”

Mzee Mahat, aliyekuwa msimamizi, aliinua mkono. “Una hakika, Nuh, au unakisia?”

“Gari lile pale nje, na trela lake. Washeni taa, kisha mtu apapase chini ya usukani, kulia, nyuma ya plastiki.”

Alikwenda Yussuf, kaka yake Sadiyo. Watu walisimama nyuma ya trela wakiangalia. Taa nyekundu zikazimika. Zikawaka. Zikazimika tena. Yussuf alirudi, akapita mbele ya Mohamednoor kama anapita mbele ya ukuta, akamwendea Duba.

“Kesho utamchukua mtoto wako,” alisema.

Ukoo wa Nuh ulitoa ngamia. Tangu siku hiyo jamaa zake hawamletei magari, na Mohamednoor akimwona hubadilisha njia. Wapo wanaomsifu Nuh kwa ujasiri. Mimi simsifu. Kusema kweli baada ya maziko ni wajibu. Mahali pa ujasiri palikuwa kibandani, mwezi wa Agosti, na neno lililohitajika lilikuwa fupi: sifungi.

Mwezi uliofuata Duba alifika kibandani kwa mkongojo. Hakuketi.

“Nionyeshe ilivyo,” alisema.

Nuh alitoa swichi kama ile kwenye kopo, akampa. Ilikuwa nyeusi, ndogo kuliko kidole gumba. Duba aliibonyeza, akaiachia, akaibonyeza tena.

“Ni hii tu?”

“Ni hii.”

Duba aliiweka juu ya meza polepole, akageuza mkongojo wake, akaondoka.